Upande wa Kushoto wa Kadimo

Kaloleni, Kisumu
9 Mei 1954

Mjomba Enos,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote duniani, hata mdogo wangu Dorca ambaye tunalala naye kitanda kimoja: chini ya kitanda hicho kuna meli.

Nimeliandika kwanza kabla woga haujanirudisha nyuma. Sasa nije kwenye salamu, maana Mama akijua nimekuandikia bila salamu atasema si yeye aliyenilea. Sisi wote tuko wazima. Mama alisumbuliwa na jino, likang'olewa, na sasa analalamika kwamba hana la kulalamikia. Dorca ameanza shule na anasahihisha kila mtu, hata mchungaji. Baba yuko safarini. Barua hii itakufikia kwa Kadimo, meli anayofanyia kazi yeye mwenyewe, na huenda mfuko wa posta akaubeba yeye begani bila kujua kilichomo. Nikifikiria hivyo nacheka.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kibukusu changu kinatosha kuombea chakula tu, na Kijaluo chako, Mama anasema, kinatosha kugombana tu. Shuleni tunafundishwa kwa Kijaluo na Kiingereza. Kiswahili nimekiokota hapa nyumbani Mama na Baba wakiongea, na kule kwenye bomba la maji. Kikichechemea nisamehe.

Basi, meli. Shuleni kuna magazeti ya zamani ya Kiingereza, na katika moja niliona vijana wa Kizungu wametengeneza meli ndogo za mbao, zina milingoti, zina kamba nyembamba kama nywele. Niliitazama picha hiyo mpaka kengele ikalia na mwalimu akaniuliza kama nimelala. Jumamosi nikaenda ziwani nikaokota vipande vya orindi, ule mti mwepesi ambao wavuvi hufunga kwenye nyavu zisizame, nikaanza kuchonga kwa kisu cha jikoni. Mama anakitafuta kisu hicho mpaka leo.

Ninaitengeneza Kadimo yenyewe. Sababu ni hii: mwisho wa mwaka Baba atashushwa. Wakubwa wake wanasema magoti yamechoka, watamweka stoo ya kamba hapa gatini. Sisi hakutuambia. Alimwambia Mama, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Mjomba, tangu nizaliwe Baba ni mtu wa Kadimo. Kamba zote anazifunga yeye, rangi yote anaipaka yeye. Unajua yeye si mtu wa maneno, nami nimemfuata. Tukikutana mlangoni tunasalimiana kwa kukohoa. Sasa nataka siku atakayoshuka mara ya mwisho aikute Kadimo yake mezani, na isiwe na kamba hata moja ya uongo, maana kamba ndizo atakazotazama kwanza.

Shida ni kwamba naujua upande mmoja tu. Hapa Kisumu meli inalaza ubavu wa kulia kwenye gati, na sisi wasichana geti hatupiti, kwa hiyo nasimama kwenye seng'enge na kuchora haraka haraka. Ubavu wa kushoto sijauona kwa karibu hata siku moja. Lakini Mama aliwahi kusema kwamba huko Mwanza inalaza ubavu wa kushoto, na kwamba kiwanda chenu cha pamba kiko jirani na gati. Je, utanitazamia? Au panda tu ndani, Baba yumo, atakukaribisha. Ila usimwambie neno.

Nijibu kwa anwani ya shule. Naishia hapa, Dorca anakuja na mdomo wake.

Mpwa wako,
Adero


Mwanza
23 Mei 1954

Adero binti Ouma, mpwa wangu,

Huku tuko salama. Mke wangu Nasipwondi anakusalimu na anasema umeandika vizuri kuliko karani wetu. Habari kubwa ya nyumba hii ni kwamba nimenunua viatu. Vya ngozi ya kahawia, vya kamba, na kila nikipiga hatua vinalia kwek, kwek, kama bata wawili wanaogombea mende. Nasipwondi anasema tangu sasa hawezi kunipoteza sokoni. Watu wana wivu.

Sasa hilo la chini ya kitanda. Mimi ni seremala mwaka wa kumi na tano huu, na katika ukoo wetu hajatokea mtu wa kushika patasi baada yangu. Wanangu wanashika mpira. Kumbe damu ilikuwa imevuka kwenda kwa dada yangu Jentrix na kujificha Kaloleni! Nimefurahi hata nimekula mara mbili.

Shika haya. Usikate orindi kwa nguvu, inabonyea. Noa kisu, kisha kata kama unamenya embe. Deki usiifanye kwa orindi, tafuta ubao wa sanduku la majani ya chai. Msasa upige kwa kufuata nyuzi za mti, usipige kwa kuzunguka kama mtu anayesugua sufuria. Na rangi usiharakishe.

Upande wa kushoto nitakutazamia, ondoa shaka. Nitapima urefu kwa hatua nikiwa pale gatini, nawe hatua zangu mbili uzifanye inchi moja. Lakini hilo la kupanda ndani si lazima. Macho yangu ni mazuri. Naona kila kitu kutoka chini.

Baba yako msalimie. La, usimsalimie, atauliza umenisikia wapi.

Mjomba wako,
Enos Walubengo


Kaloleni, Kisumu
13 Juni 1954

Mjomba mpendwa,

Hongera kwa viatu. Dorca ana kikohozi, anakohoa kwa sauti ya mzee ili apewe asali. Mama amepata kuku watatu kutoka kwa shangazi, wawili wanataga, wa tatu anakula mayai ya wenzake. Baba alikuwa hapa siku nne. Alifunga upya kamba yetu ya kuanikia nguo, ingawa haikuwa na kosa lolote.

Nina habari za kazi. Tumbo la meli limekwisha na limekaa sawa. Deki nimeitoa kwenye sanduku la chai kama ulivyosema, na ubao bado unanukia, nikilala nasikia harufu ya chai chini yangu. Uzi wa kamba nimepewa na Jayshree, yule mama wa Kihindi mwenye cherehani karibu na soko. Aliniuliza nashona nini. Nikamwambia, "Meli." Nilimaanisha kumdanganya, Mjomba, nilikuwa nimetayarisha "blauzi" njia nzima, lakini ulimi ukasema meli. Akanitazama, akaingia nyuma, akatoka na vibiringo vitatu vya uzi mweusi wenye nta, akasema, "Hii ya viatu. Haiozi."

Na rangi, unajua nimeijuaje? Kwa ovaroli ya Baba. Naifua mimi, na kila safari ina matone mapya: jeusi la ubavu, jeupe la juu, na lile jekundu-kahawia la bomba la moshi. Nakwangua kidogo kwa ukucha, naweka kwenye karatasi, kisha nachanganya rangi zangu za shule mpaka zifanane. Nyekundu ya bomba ndiyo imenishinda. Inatoka kama nyanya.

Mjomba, nauliza tena, mbona usipande ndani? Nilimuuliza Mama kwa ujanja, "Hivi Mjomba Enos na Baba huonana huko Mwanza?" Mama akacheka mpaka unga ukamwagika. Kisha akakasirika kwa sababu ya unga, akaniambia nikateke maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Mpwa wako,
Adero


Mwanza
4 Julai 1954

Mpwa wangu,

Tuko wazima. Viatu vinaendelea vizuri. Mvua imekataa kuondoka na pamba imelowa, msimamizi ana uso kama aliyemeza ndimu.

Kadimo ilifika Jumanne nami nikaenda kusimama gatini saa ya chakula, nikakutazamia. Andika. Kutoka kushoto kwenda kulia: kushoto kabisa, boya. Namaanisha lile la duara, jeupe, la kumtupia mtu majini, limetundikwa ukingoni kwa ndoano mbili. Linafuatwa na mlango wa chuma. Halafu mashua ndogo mbili, zimening'inia kwa vyuma vilivyopinda kama shingo za korongo. Halafu ngazi fupi. Kulia kabisa ni jiko, na bomba lake jembamba lenye kofia ya bati, na kando yake kizimba cha kuku wa kapteni. Hatua nimeziandika nyuma ya karatasi hii.

Yote mengine unaweza kuyakosea. Hilo boya usilisahau. Afadhali usahau bendera.

Kuhusu swali lako, mbona unauliza maswali kama hakimu? Chonga meli.

Mjomba wako,
Enos


Kaloleni, Kisumu
1 Agosti 1954

Mjomba mpendwa,

Samahani nimekawia. Tumegunduliwa!

Dorca alidondosha kitana, akainama kukitafuta, kisha akapiga kelele iliyosikika mpaka Nyalenda: "Adero ana mashua!" Mama akaja mbio na mwiko. Nilidhani nitalia, lakini Mama alichuchumaa akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kisu changu." Basi, akaondoka nacho. Jioni akanirudishia, kimenolewa.

Dorca tumemnyamazisha kwa kumpa cheo. Yeye ndiye kapteni. Kila asubuhi anainama chini ya kitanda na kuuliza kama tumefika Bukoba. Tatizo ni kwamba kapteni akifurahi hawezi kufunga mdomo, na Baba akiwa nyumbani namkanyaga mguu mezani.

Upande wa kushoto umekwisha! Kila kitu nimekiweka kama ulivyosema, na boya nimelitengeneza kwa pete ya pazia. Mlingoti umesimama. Kamba kumi za upande wa kulia nimezifunga kwa fundo lile la Baba la kuanikia nguo, kumbe ndilo la melini. Bado kamba za kushoto. Nakutumia mchoro ujivunie.

Mpwa wako mwenye furaha,
Adero


Mwanza
15 Agosti 1954

Adero, Adero, Adero,

Salamu zitakuja mwisho leo, sina nafasi, nacheka. Nimecheka kiwandani mpaka msimamizi akaja kuuliza ni mashine gani imeharibika.

Mwanangu, umeweka jiko puani mwa meli! Moshi wote wa ugali unampiga kapteni machoni. Kuku wanatazama mbele kama ndio wanaoendesha. Nimemwonyesha Nasipwondi, ameomba kuutundika mchoro huu ukutani.

Nimefikiria kosa limetoka wapi. Wewe ukisimama Kisumu kuutazama ubavu wa kulia, pua ya meli iko upande wa mkono wako wa kulia. Mimi nikisimama Mwanza kuutazama ubavu wa kushoto, pua iko upande wa mkono wangu wa kushoto. Niliposema kushoto kabisa, nilisema mbele. Nawe ukanielewa kana kwamba tumesimama gati moja. Kosa si lako wala langu. Ni la hawa waliojenga bandari mbili.

Geuza yote. Boya mbele, jiko nyuma. Orindi inavumilia, jaza matundu kwa unga wa mbao na gundi.

Sisi hatujambo.

Mjomba wako,
Enos


Kaloleni, Kisumu
29 Agosti 1954

Mjomba,

Nililia. Kidogo. Kisha Dorca akaja akasema kwa sauti ya kikapteni, "Mpishi, hamisha jiko," nikacheka, nikachukua wembe. Nimeng'oa kila kitu. Ubavu mzima sasa ni vidonda vya gundi na unga wa mbao, ila umeshaanza kupona. Mama hajambo. Kuku mla mayai tumemla.

Mama ameniambia. Alianza mwenyewe, tukiwa tunamnyonyoa kuku huyo. Amesema miaka mitatu iliyopita, pale Mwanza, Baba alikuwa anafunga kamba upande wa kushoto, akateleza akaanguka majini. Na kwamba Baba, Jaluo wa Yimbo, aliyezaliwa akisikia mawimbi, hajui kuogelea. Sikuwahi kujua! Na kwamba wewe, mtu wa milimani kule Kimilili, uliyekuwa umekuja kumletea mihogo, ndiye uliyechomoa boya ukamtupia ukamvuta. Mpaka hapo ni vizuri. Lakini Mama amesema kwenye harusi ya Shangazi Nabututu ulisimama mbele ya wakwe wote ukasimulia, na ukaigiza. Ukapiga mikono hewani. Ukafanya mashavu ya samaki. Mzee mmoja alianguka na kiti. Baba akachukua kofia yake akatembea usiku ule mpaka stesheni, na tangu siku hiyo meli ikifika Mwanza yeye anatazama ziwani na wewe unatazama pamba.

Mjomba, nilicheka nilipoambiwa ile ya mashavu. Kisha nikaona aibu kwa sababu Baba alikuwa chumba cha pili, amelala.

Sasa sijui la kufanya na boya. Nikiliweka, Baba atadhani namcheka. Nisipoliweka, si Kadimo.

Na kuna jambo lingine. Kamba za mlingoti za upande wa kushoto huwezi kuziona kutoka gatini, mashua zinazikinga. Kulia ni kumi, na nyuma yake kuna nyingine zinazopita kwenye makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, na kufungwa sijui wapi. Nikibuni, atajua. Lazima mtu apande ndani azitazame kwa karibu. Kama huwezi kumsalimia kwa ajili yake, msalimie kwa ajili ya kamba.

Mpwa wako,
Adero


Kaloleni, Kisumu
10 Oktoba 1954

Mjomba Enos,

Natumaini mu wazima wote pamoja na viatu. Kadimo imekwenda na kurudi na kwenda tena, sijapata barua. Mwalimu amechoka kuniona mlangoni kwake siku za posta.

Kama nilivuka mpaka nisamehe, mimi ni mtoto. Lakini sifuti nililoandika.

Upande wa kulia unang'aa. Wa kushoto mweupe mtupu, mlingoti umeegemea kamba za upande mmoja, na umeanza kupinda. Jana Baba alimuuliza Mama kama stoo ya kamba ina dirisha la kutazama ziwa. Mama akasema hajui. Baba akasema, "Si kitu," akaenda kufunga tena kamba ya nguo.

Atashuka tarehe kumi na tisa Desemba. Ungekuja, Mjomba. Ungekaa hata pembeni.

Adero


Mwanza
7 Novemba 1954

Mpwa wangu Adero,

Nasipwondi anakusalimu sana, zaidi ya siku zote. Alisoma barua yako ya mwisho wa Agosti kabla yangu, akaiweka kwenye sahani yangu badala ya chakula. Mara ya pili akaiweka tena. Ile ya Oktoba ilipofika akaziweka zote mbili. Mtu hawezi kula karatasi kila siku.

Alhamisi Kadimo ilipofunga nilipanda ngazi. Nilikuwa nimepanga kupanda kimya kimya, lakini viatu hivi, na ile ngazi ya chuma, kwek, kwek, kwek, hata makuli wakageuka. Baba yako alikuwa amechuchumaa anasokota kamba, amenipa mgongo.

Akasema bila kugeuka, "Viatu gani hivyo?"

"Vya hapa Mwanza."

"Vinaomba maji."

Akaendelea kusokota. Halafu akasema, "Umekuja kunivua tena?"

"Hapana, Ouma. Nimekuja kutazama kamba."

Hapo ndipo akageuka. "Mtu wa milimani na kamba wapi na wapi?"

"Ndiyo maana nauliza, shemeji. Kwa mfano hizi nyuma ya mashua, zimefungwaje?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali mzaha ulipojificha. Mimi nina uso wa mzaha, si kosa langu. Nikatoa penseli nyuma ya sikio na kipande cha ubao, nikasimama kama mtoto wa shule. Akasimama, magoti yakalia, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya mashua.

Adero, yule mtu ambaye mnasema haongei! Aliongea mpaka king'ora cha kiwanda kikalia na mimi sikurudi kazini. Alinionyesha kamba moja moja kwa mkono wake. Upande wa kushoto ni tisa, si kumi. Ya kumi ilikatika mwaka wa vita na hakuna aliyeirudisha, yeye amezoea kuizungukia. Zile za nyuma zinashuka kwenye makapi mawili na kufungwa kwenye ukingo, mzunguko mmoja chini, mmoja juu, halafu nane iliyolala. Nimekuchorea zote, na safari hii nimeandika MBELE na NYUMA kwa herufi kubwa.

Tukafika kwenye boya. Nikatazama pamba zilizokuwa gatini. Naye akalipangusa kwa kiganja, akasema, "Hili nalipaka mwenyewe kila mwezi. Sijawahi kumwachia mtu." Basi. Hakusema zaidi, nami safari hii nilishinda mdomo wangu. Akaniambia, "Yuora, njoo unywe chai." Yuora, ndiyo shemeji kwenu. Sijaitwa hivyo tangu harusi ile. Chai ililetwa kutoka jiko lile lile ulilolipeleka puani. Ilikuwa na moshi.

Kwa hiyo boya weka. Limetoka kwake mwenyewe.

Desemba usinitarajie. Kiwanda hakifungwi, nina shughuli nyingi.

Mjomba wako,
Enos


Kaloleni, Kisumu
19 Desemba 1954

Mjomba mpendwa,

Nakuandikia leo kwa sababu nikikaa bila kuandika nachungulia chini ya leso kila dakika. Kadimo imepiga honi, tumeisikia sote. Mama amevaa gauni la kanisani na amefunika meza kwa leso, chini ya leso kuna kitu kirefu ambacho kila jirani ameshakuja kukichungulia. Dorca amevaa kofia ya karatasi. Amekatazwa kusema neno, amebana midomo hata imekuwa myeupe.

Imekwisha, Mjomba. Kamba tisa. Mahali pa ile ya kumi nimeacha wazi, na kila nikipitisha kidole hapo nakizungusha kama anavyozunguka yeye. Mlingoti umenyooka. Boya liko mbele, nimelipaka mara tatu.

Nataka kukuambia jambo la rangi. Mwezi uliopita Baba aliporudi kutoka huko alikuwa na maneno, sijui umemlisha nini. Alimwambia Mama mezani, "Enos alipanda melini. Anauliza kamba kama mtoto wa shule, anachora kwenye ubao. Mtu wa milimani!" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akatazama vidole vyangu. Nilikuwa nimenawa, Mjomba, nimesugua kwa mchanga, lakini kwenye kucha kulikuwa na nyeusi. Niliingiza mikono chini ya meza.

Asubuhi alikuwa ameshaondoka, na dirishani, upande wangu wa kitanda, kulikuwa na kikopo cha sigara. Ndani mlikuwa na rangi. Nyekundu-kahawia, ile yenyewe, mabaki ya ndooni, na juu imemiminiwa maji kidogo isikauke. Mama anasema aliposimama mlangoni alikohoa, akasema kama anayeuambia ukuta, "Bomba la moshi halipakwi mara moja. Mara mbili, na katikati usubiri siku."

Nilipaka mara mbili. Nilisubiri siku.

Kwa hiyo anajua, nami najua anajua. Mama anasema nitakapofunua leso niseme neno. Nimetafuta neno tangu Mei na sijalipata. Huenda nitakohoa tu.

Wewe nimekukasirikia kidogo, niseme ukweli kwa kuwa uko mbali. Umepanda ngazi ile ngumu, umekunywa chai, halafu hii ya kuja Kisumu siku moja tu imekushinda. Kiwanda, kiwanda. Wewe ni mkaidi, Mjomba. Nilimwambia Mama, akasema ukaidi wako ni wa ukoo, na akanitazama mimi. Mkaidi mwenye viatu vya bata. Ningependa sana ungekuwa hapa usimame upande wa kushoto wa meza, maana upande huo ni wetu wote watatu, mimi na wewe na yeye, na mimi siwezi kumweleza peke

Ngoja. Kuna watu kwenye njia.

Hatua za Baba nazijua, nzito, goti moja linachelewa. Lakini kuna nyingine. Dorca amefungua midomo, anapiga kelele, "Bata! Bata!" na Mama amekalia kiti anacheka mpaka anajifuta machozi kwa leso, na leso inavutika, bomba la moshi limeshatokea.

Kwek. Kwek. Wako mlangoni, na mimi nimekuita mkaidi mara mbili kwenye ukurasa huu. Naukunja. Nauficha chini ya kitanda, pale palipokuwa na meli.